Koili inayofuata kichwa: Ufundi mdogo unaoamua ubora wa picha za ubongo

APRILI mwaka 2024, wanasayansi wa kituo cha utafiti cha NeuroSpin kilichoko Saclay, karibu na jiji la Paris, walitangaza picha za kwanza za ubongo wa binadamu aliye hai zilizopigwa kwa mtambo wa MRI wenye nguvu ya tesla 11.7. Magazeti mengi duniani yaliandika juu ya sumaku ya mtambo huo, ambayo ina uzito wa tani 132, urefu wa mita tano na kipenyo cha mita tano, na ambayo hupozwa kwa lita 7,500 za heliamu ya kimiminika.

Ni wachache waliokitaja kifaa kingine, kisichozidi sana ukubwa wa ndoo ya maji, ambacho kichwa cha mtu huingizwa ndani yake kabla ya kitanda kusukumwa katika tundu la sumaku. Kifaa hicho huitwa koili ya mawimbi ya redio. Ndicho kinachozungumza na ubongo, na ndicho kinachosikia jibu lake.

Hata sumaku iwe na nguvu kiasi gani, picha haiwezi kuwa bora kuliko uwezo wa koili hiyo wa kusikia. Na hapo ndipo penye tatizo ambalo limewashughulisha wahandisi kwa miaka mingi: koili nyingi hutengenezwa kwa kipimo kimoja, ilhali vichwa vya watu havilingani.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo linaloonekana dogo, yaani koili kukaa karibu na kichwa au kukaa mbali nacho, lina uzito mkubwa katika tiba. Yanaeleza pia kwa nini kutengeneza koili inayoweza kupanuliwa na kubanwa si kazi nyepesi kama kulegeza mkanda wa kofia ya pikipiki.

Ubongo unavyosikika kwa redio

Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na kila molekuli ya maji hubeba atomi mbili za haidrojeni. Kiini cha atomi hiyo hufanya kazi kama sumaku ndogo mno. Mtu anapolazwa ndani ya sumaku kubwa, viini hivyo hujipanga kufuata uga wake, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hiyo inafika, huku vikiyumba mfano wa pia inayozunguka chini.

Kasi ya kuyumba huko hutegemea nguvu ya sumaku. Kwa kila tesla moja, kiini cha haidrojeni huyumba mara milioni 42.58 kwa sekunde. Kwa hiyo, katika mtambo wa tesla 1.5, ambao ni wa kawaida katika hospitali nyingi, masafa yake ni takriban megahezi 64. Katika mtambo wa tesla 3 ni karibu megahezi 128, na katika mtambo wa tesla 7 hufikia takriban megahezi 298.

Msomaji anayesikiliza redio za FM anafahamu kwamba stesheni zake hupatikana kati ya 88 na 108. Hiyo ina maana kwamba ubongo ulio ndani ya sumaku ya tesla 1.5 "hutangaza" chini kidogo ya stesheni hizo, na ule ulio katika tesla 3 hutangaza juu yake. Ndiyo sababu chumba cha MRI hufunikwa kwa metali kuta zote, sakafu na dari, ili matangazo ya nje yasiingie na kuharibu picha.

Koili hutuma wimbi fupi la redio lenye masafa yaleyale ya viini. Wimbi hilo huvitikisa na kuviondoa katika mpangilio wake. Likikatwa, viini hurejea taratibu mahali pake, na katika kurejea huko hutoa mwangwi dhaifu wa redio ambao koili huupokea. Kompyuta hutumia tofauti ndogo ndogo za uga wa sumaku, zinazowekwa kwa makusudi, kutambua kila mwangwi umetoka sehemu gani ya ubongo, na kutokana na hilo huchora picha.

Msingi wa elimu hiyo uliwekwa mwaka 1946 na Felix Bloch na Edward Purcell nchini Marekani, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1952. Njia ya kuigeuza kuwa picha ilionyeshwa na Paul Lauterbur mwaka 1973, na kuendelezwa na Peter Mansfield wa Uingereza. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003.

Tatizo ni kwamba mwangwi huo ni hafifu mno. Viini vya haidrojeni hujipanga kwa pande mbili zinazokabiliana, na karibu vyote hufutana nguvu. Katika tesla 1.5, ni takriban vitano tu katika kila milioni vinavyobaki bila kufutwa, na hivyo ndivyo vinavyosikika. Katika tesla 7, idadi hiyo hupanda hadi karibu 23. Ndiyo maana watafiti wanahangaikia sumaku zenye nguvu zaidi: kila tesla inayoongezwa huongeza sauti ya ubongo.

Umbali unavyoiba sauti

Lakini sauti inaweza kuongezwa kwa njia nyingine isiyohitaji tani 132 za sumaku. Nayo ni kumsogelea msemaji.

Koili ya kupokea, kwa umbo lake rahisi kabisa, ni kitanzi cha waya wa shaba chenye kapasita, yaani kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme. Uwezo wa kitanzi hicho kusikia hupungua upesi kadiri kinavyosogezwa mbali. Chukua mfano wa kitanzi chenye nusu kipenyo cha sentimita 4. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, chanzo cha sauti kilicho sentimita 2 kutoka katikati ya kitanzi husikika kwa takriban asilimia 72 ya nguvu ambayo kingesikika nayo kama kingekuwa katikati penyewe. Kikiwa sentimita 4, nguvu hiyo hushuka hadi asilimia 35.

Ni kweli kwamba hasara halisi si kubwa kiasi hicho. Mwili nao hutoa kelele ya umeme, kwa kuwa chembechembe zenye chaji ndani yake hazitulii, na koili inaposogea mbali husikia kelele hiyo kwa uchache pia. Hata hivyo, kwa tabaka la juu la ubongo, ambalo liko sentimita chache tu chini ya ngozi ya kichwa, pengo la sentimita 2 lisilo na kazi yoyote ni hasara inayoonekana wazi katika picha.

Kwa muda mrefu koili ya kichwa ilikuwa ya umbo la tundu la ndege: nguzo za shaba zilizosimama kwa duara, zikiunganishwa na pete mbili juu na chini. Muundo huo ulibuniwa na Cecil Hayes na wenzake katika miaka ya 1980. Ulisikia ubongo mzima kwa usawa, lakini ulisikia kutoka mbali.

Mwaka 1990, Peter Roemer na wenzake walionyesha njia tofauti. Badala ya koili moja kubwa, walitumia vitanzi vingi vidogo, kila kimoja kikiwa na kipaza sauti chake cha kielektroniki. Kitanzi kidogo husikia eneo dogo tu, lakini hulisikia vizuri, na pia husikia kelele ya eneo hilo dogo pekee. Kompyuta ikivijumlisha vyote, haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 2006, Graham Wiggins na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha muundo wa koili ya kichwa ya vitanzi 32 kwa ajili ya mtambo wa tesla 3. Walivipanga kwa kufuata mishono ya mpira wa miguu, yaani pembe tano na pembe sita zinazokamatana mpaka kuifunika kofia nzima. Baadaye zikaja koili za vitanzi 64.

Wingi wa vitanzi ulileta faida ya pili. Kwa kuwa kila kimoja huutazama ubongo kutoka upande wake, kompyuta inaweza kukisia sehemu ya taarifa ambayo haikupimwa, na hivyo kufupisha muda wa kipimo. Njia hiyo ilianzishwa kwa vitendo mwaka 1997 na Daniel Sodickson, na kuimarishwa mwaka 1999 na Klaas Pruessmann na wenzake wa Zurich. Kwa mgonjwa anayetakiwa kulala bila kutikisika, kupungua kwa dakika chache si jambo dogo.

Lakini faida zote hizo mbili hutegemea sharti moja: vitanzi viwe karibu na kichwa. Vikiwa mbali, vyote husikia mambo yanayofanana, na wingi wake hauna maana tena.

Vichwa havilingani

Hapo ndipo kipimo kimoja kinaposhindwa. Mbunifu anayetaka koili yake itumike na kila mtu mzima hulazimika kuitengeneza kwa kufuata vichwa vikubwa. Asipofanya hivyo, wapo wagonjwa ambao hawataingia kabisa. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye kichwa kidogo, ambao wengi wao ni wanawake na vijana, hulazwa ndani ya koili yenye nafasi tupu kila upande, na nafasi hiyo hujazwa sifongo.

Kwa watoto, tofauti ni kubwa zaidi. Mzunguko wa kichwa cha mtoto mchanga ni karibu sentimita 35, wakati wa mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya sentimita 54 na 60. Mwaka 2011, Boris Keil na wenzake wa Boston walichapisha kazi ya koili za vitanzi 32 kwa ajili ya watoto katika tesla 3. Hawakutengeneza koili moja. Walitengeneza tano: ya mtoto mchanga, ya miezi sita, ya mwaka mmoja, ya miaka minne na ya miaka saba. Picha zilikuwa bora kuliko zile za koili ya watu wazima.

Ni jibu zuri, lakini ni la gharama. Hospitali inayoweza kununua koili tano kwa ajili ya watoto pekee, kuzihifadhi na kuzitunza, ni adimu hata katika nchi tajiri.

Lipo pia suala la nywele, ambalo kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika halihitaji kuelezwa kwa kirefu. Kofia ngumu iliyobuniwa kubana fuvu haina nafasi ya misuko minene wala nywele ndefu za asili. Mtu wa namna hiyo hulazimika kufumua nywele zake au kulazwa katika koili kubwa isiyosikia vizuri. Hapa hatuzungumzii pini na nyuzi za metali, ambazo ni lazima ziondolewe kwa usalama. Tunazungumzia nywele zenyewe.

Kwa sababu hizo zote, wazo la koili inayoweza kurekebishwa kufuata kichwa kilichomo ndani yake lina mvuto mkubwa. Swali ni kwa nini halikuenea mapema.

Kwa nini haitoshi kuisogeza tu

Jibu la kwanza ni masafa. Kitanzi na kapasita yake huitikia masafa mamoja tu, kama redio iliyoachwa kwenye stesheni moja. Masafa hayo huamuliwa na ukubwa wa kitanzi pamoja na uwezo wa kapasita. Ukikivuta kitanzi kikapanuka, masafa hushuka. Kwa mfano, kile ambacho wahandisi hukiita uinduktansi kikiongezeka kwa asilimia 10 tu, kitanzi kilichowekwa kwenye megahezi 298 hushuka hadi takriban megahezi 284. Kitanzi hicho hakisikii tena ubongo ipasavyo.

Kichwa chenyewe nacho hubadilisha masafa. Maji na chumvi zilizomo mwilini huathiri umeme wa kitanzi kilicho karibu, na athari hiyo huongezeka kitanzi kinaposogezwa. Hivyo, hata kama vitanzi havinyooshwi bali vinasogezwa tu kuelekea kwenye kichwa, mpangilio uliowekwa kiwandani huharibika.

Jibu la pili ni ujirani. Vitanzi viwili vilivyo karibu hupokezana sauti bila kuombwa, kama watu wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja kwenye laini moja ya simu. Roemer na wenzake walilitatua hilo kwa kuvilaza vitanzi jirani vikifunikana kidogo. Kwa vitanzi vya duara, umbali kati ya vitovu vyake ukiwa takriban robo tatu ya kipenyo, athari za kimoja juu ya mwenzake hufutana. Kwa vitanzi vya sentimita 8, umbali huo ni sentimita 6.

Lakini kipimo hicho ni cha mahali pamoja tu. Ukiipanua kofia ili kichwa kikubwa kiingie, vitovu vinaachana na kelele ya ujirani inarudi. Ukiibana, vinasogeleana na kelele inarudi vilevile. Kwa maneno mengine, mkono unaoirekebisha koili ndio unaoivuruga.

Ugumu wa sumaku zenye nguvu

Katika tesla 7 na kuendelea, jibu la tatu huongezeka, nalo ni tabia ya mawimbi yenyewe. Katika tesla 1.5, urefu wa wimbi la redio ndani ya ubongo ni takriban nusu mita, yaani mrefu kuliko kichwa. Wimbi hilo hukitikisa kichwa chote kwa pamoja. Katika tesla 7, urefu huo hupungua hadi karibu sentimita 13, pungufu ya urefu wa kichwa cha mtu mzima.

Matokeo yake ni kwamba mawimbi hukutana ndani ya kichwa, mahali pengine yakisaidiana na mahali pengine yakifutana. Picha hung'aa katikati ya ubongo, na huwa na giza karibu na masikio na katika ubongo wa nyuma ulio juu ya shingo. Giza hilo si ugonjwa, lakini linaweza kuuficha ugonjwa.

Wahandisi wamelikabili kwa kugawa kazi ya kutuma. Badala ya koili moja kutuma wimbi moja, vipande kadhaa hutuma kila kimoja wimbi lake, kwa nguvu na wakati uliopangwa, ili jumla yake iwe sawa katika ubongo wote. Wengine huweka kando ya kichwa mifuko yenye ungaunga wa kalsiamu titaneti uliochanganywa na maji, ambao huyaelekeza mawimbi kwenye sehemu zenye giza.

Katika hali hiyo, koili si sikio tu bali pia ni mdomo, na mdomo huo ukisogezwa, ramani nzima ya mawimbi ndani ya kichwa hubadilika.

Jibu kutoka Minnesota

Moja ya kazi zilizolikabili tatizo hili moja kwa moja ilitoka katika kituo cha utafiti wa MRI cha Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ambacho ni miongoni mwa vituo vya mwanzo duniani kutumia tesla 7 kwa binadamu. Mwaka 2008, Gregor Adriany na wenzake walichapisha muundo wa koili ya kichwa yenye vipande 16 vinavyotuma na kupokea, ambayo umbo lake linaweza kurekebishwa.

Vipande hivyo si vitanzi bali ni mikanda ya kupitishia mawimbi, kila mmoja ukiwa na kinga ya metali pande tatu ili nguvu yake ielekee kichwani badala ya kutawanyika. Mikanda husogezwa kuelekea kichwani au mbali nacho, kulingana na mtu aliyelala.

Ufumbuzi wenyewe uko katika kapasita zinazotenganisha majirani. Kwa kawaida kapasita hizo huwekwa thamani moja na kuachwa. Katika muundo wa Minnesota, thamani hubadilika yenyewe kufuatana na umbali kati ya mkanda mmoja na jirani yake. Mikanda ikisogeleana au ikiachana, kapasita nayo hubadilika, na kelele ya ujirani hubaki imezimwa.

Msomaji wa umri mkubwa atakumbuka redio za zamani za betri. Ndani yake, nyuma ya kitufe cha kutafutia stesheni, mlikuwa na mabamba membamba yaliyopishana bila kugusana. Ukizungusha kitufe, eneo la kupishana lilibadilika, na stesheni nayo ikabadilika. Kanuni ni hiyohiyo, ila hapa anayezungusha kitufe si mkono wa mtu, bali ni mwendo wa koili yenyewe inapokifuata kichwa.

Walipoilinganisha na koili za umbo lisilobadilika za ukubwa mbalimbali, watafiti hao walipata ongezeko kubwa katika nguvu ya sauti dhidi ya kelele, na pia katika uwezo wa kufupisha muda wa kipimo. Waliihusisha faida hiyo na mambo mawili: kurekebishika kwa koili na kinga ya pande tatu. Sumaku ilikuwa ni ileile.

Njia nyingine

Tangu wakati huo, njia nyingine zimejitokeza. Zipo koili zinazotumia vidhibiti vya kielektroniki ambavyo thamani yake hubadilishwa kwa volteji, bila kitu chochote kusogea. Ni rahisi kuviendesha kutoka nje ya chumba, lakini huongeza kelele kidogo na havistahimili nguvu kubwa ya kutuma.

Motakaa za kawaida za umeme haziwezi kutumika, kwa kuwa zina sumaku na chuma ndani yake. Mahali pake hutumiwa mota zinazoendeshwa na fuwele zinazojikunja zikipewa umeme. Skrubu ni za plastiki au shaba nyeupe. Hata kapasita huchaguliwa zile zisizo na nikeli, kwa sababu chembe ndogo ya metali yenye usumaku hupinda picha.

Wengine wameamua kuachana na kofia ngumu. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha koili zilizochapishwa kwa wino wa metali juu ya plastiki laini, mfano wa maandishi yanayochapwa kwenye fulana. Mwaka 2018, Bei Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walionyesha glovu yenye vitanzi vya waya aina ya ule wa antena ya televisheni, ambavyo kwa muundo wake havisumbuani sana hata vidole vikikunjwa. Glovu hiyo ilikuwa ya mkono, si ya kichwa, lakini ilithibitisha kwamba kufunikana kwa vipimo si lazima daima.

Usalama kwanza

Pamoja na mafanikio hayo, kuna jambo linalowafanya wahandisi wa mitambo yenye nguvu kubwa wasiwe na haraka. Mawimbi ya redio hupasha mwili joto, kama yanavyofanya katika jiko la maikrowevu, ingawa kwa kiwango kidogo sana. Viwango vya kimataifa huweka kikomo cha wati 3.2 kwa kila kilo ya kichwa kwa wastani katika matumizi ya kawaida, na vikomo vingine kwa sehemu ndogo ndogo.

Kabla koili ya kutuma haijatumika kwa binadamu, joto hilo huhesabiwa kwa kompyuta juu ya vielelezo vya mwili na kupimwa juu ya vichwa bandia. Koili ya umbo moja huhitaji hesabu ya umbo moja. Koili yenye mikao mingi huhitaji kuthibitishwa katika kila mkao, kwa sababu kipande kinachokaribia ngozi mno kinaweza kulipasha joto eneo dogo kuliko ilivyotarajiwa.

Kwa sababu hiyo, wabunifu wengi hugawa kazi: sehemu ya nje inayotuma huachwa bila kusogea, na sehemu ya ndani inayopokea tu ndiyo hurekebishwa. Sikio likikosewa, picha huharibika; mdomo ukikosewa, mgonjwa anaweza kuumia.

Yanayotegemewa na wagonjwa

Mwaka 2017, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza mtambo wa tesla 7 kwa matumizi ya tiba, kwa ajili ya kichwa na viungo vya mikono na miguu. Idhini hiyo ilihusu wagonjwa wenye uzito unaozidi kilo 30. Tangu hapo, mitambo hiyo si ya maabara pekee.

Miongoni mwa wanaoweza kunufaika ni wagonjwa wa kifafa ambao dawa haziwasaidii. Kwa baadhi yao, chanzo ni kovu au hitilafu ndogo katika gamba la ubongo, ambayo ikionekana inaweza kuondolewa kwa upasuaji. Isipoonekana, daktari wa upasuaji hana pa kuanzia.

Mwaka 2025, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya wagonjwa 31 wa aina hiyo waliopimwa kwa tesla 7 kwa kutumia njia ya kutuma mawimbi kwa vipande vingi. Kwa wagonjwa tisa, zilionekana hitilafu ambazo hazikuwa zimeonekana awali. Kwa wagonjwa 18, matokeo yalibadilisha mpango wa matibabu. Mojawapo ya sehemu ambazo kifafa huanzia mara nyingi ni pembeni mwa ubongo, karibu na masikio, mahali palepale ambapo picha za tesla 7 huwa na giza.

Suala la koili kutosha kichwa halihusu sumaku kubwa pekee. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, watafiti wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha mtambo mdogo wa MRI wenye uga wa takriban tesla 0.05 tu, wakiwalenga watoto wenye ugonjwa wa kichwa kujaa maji. Katika uga mdogo kiasi hicho, kelele nyingi hutoka kwenye koili yenyewe, si mwilini. Kuisogeza koili mbali hakupunguzi kelele. Hupunguza sauti tu. Na watoto wa ugonjwa huo, pengine kuliko wagonjwa wengine wote, wana vichwa vya ukubwa usiotabirika.

Hivyo Saclay na Mbarara, pamoja na tofauti kubwa ya sumaku zao, zinakutana katika swali moja. Nchi nyingi hazitaweza kununua sumaku ya tani 132, wala hazina haja nayo. Lakini kitanzi cha shaba kilichosogezwa sentimita 2 karibu na ubongo wa mgonjwa, na kikabaki kwenye masafa yake, ni faida isiyodai heliamu wala jengo jipya. Kinachodai ni mhandisi anayekubali kwamba koili ndiyo inayopaswa kukifuata kichwa, wala si kichwa kuifuata koili.